Kaa Chini ya Majivu

Mwezi wa Machi mwaka 2022 nililipwa shilingi 80,000 taslimu kwa kazi ya siku mbili. Kwa mtu kama mimi, ambaye tangu nimalize kidato cha nne nilikuwa sijapata hata senti tano ya kuandika, ilikuwa kama ndoto. Nilikuwa nimechacha, msomaji, nimechacha kwelikweli. Kodi ya chumba nadaiwa miezi miwili, kaunta buku la tatu la riwaya yangu limejaa hadi kwenye jalada, na kalamu nanunua moja moja kama sigara. Ndipo jamaa mmoja ninayekutana naye kijiweni Magomeni akaja na dili. Kuna kampuni, akasema, inauza unga wa afya wa kukoroga na maji, na inataka kipeperushi chake kiandikwe kwa Kiswahili kilichosimama. Si wewe ndiye mwandishi? Nikajibu ndiyo, mimi ndiye.

Kampuni yenyewe sitaitaja. Si kwa woga tu. Ziko nyingi na zinafanana kama mapacha.

Kipeperushi kilikuwa na kurasa nne na picha ya mzee wa Kizungu mwenye meno yote, anakimbia ufukweni. Kilizungumzia kitu ambacho shuleni sikuwahi kukisikia: seli shina. Ati ndani ya unga ule mna seli shina za mimea, na zikishaingia mwilini zinakwenda kushirikiana na zako. Kiingereza chake nilikiona kina kasoro moja, kwamba kilitembea kwa kunyata. Kila sentensi ilikuwa na "huenda", na "unaweza kusaidia", na "baadhi ya watu wameona". Mimi niliyelelewa na riwaya za kuficha chini ya mto niliona huo ni uandishi wa mtu mwoga. Nikavuta pumzi, nikaandika: Seli shina huponya. Huamsha ujana uliolala ndani ya mwili wako.

Bosi wao akanipigia simu mwenyewe. "Dogo, una kipaji." Usiku ule sikulala kwa furaha.

Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo nilikwenda Mbagala kumsalimia bibi yangu mzaa mama, anayekaa kwa mama mdogo. Bibi ana kisukari tangu mimi niko shule ya msingi. Nilimkuta barazani, mguu wa kushoto ameuweka juu ya kigoda, umefungwa kitambaa cha kanga. "Shikamoo Bibi." "Marahaba baba, za siku?" Kabla sijakaa nikasikia harufu. Alikuwa amechubuliwa na kandambili, kidonda kidogo tu, akasema, kinakauka. Nikaingia ndani kunywa maji, na juu ya meza nikaliona kopo. Kando yake daftari lake la kliniki, na ndani ya daftari, kama alama ya ukurasa, kipeperushi changu.

Mama mdogo alilinunua lile kopo kwa pesa ya vikoba, shilingi 145,000, kwa mapenzi ya kumpenda mama yake. Na Bibi, mwanamke mwenye akili zake, alikuwa ameacha vidonge vyake vya hospitali kwa wiki tano. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa utulivu kabisa: "Si wamesema huponya?"

Mambo ya hospitali nayapitia haraka maana hata leo siyapendi. Alikatwa vidole viwili. Alipozinduka na kuambiwa, akacheka kidogo, akasema, "Haya, wao wametangulia." Mimi nikatoka nje nikakaa kwenye benchi la watu wanaosubiri saa ya kuona wagonjwa, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza nikajiuliza swali ambalo mwandishi mwingine angejiuliza kabla ya kuchukua zile 80,000. Hivi seli shina ni kitu gani?

Nina binamu anayesomea udaktari. Akaanza kunipa darasa palepale benchini, na baadaye akawa ananitumia makala kwenye simu, nazisoma usiku na kamusi pembeni, ukurasa mmoja kwa siku tatu. Sijifanyi mtaalamu. Nasema nilichoelewa.

Kwanza unga wenyewe, tuumalize. Seli shina ya mmea ukiimeza, tumboni inafanywa kilekile kinachofanywa mchicha: inameng'enywa, basi. Haijui njia ya kwenda mguuni kwa Bibi. Binamu yangu alilisema hilo bila hata kuinua macho kwenye simu yake. Sentensi moja ikabomoa kurasa nne.

Lakini seli shina za kweli zipo, na habari zake ni tamu kuliko za kopo. Kila sekunde mwili wa mtu mzima hutengeneza chembe nyekundu za damu zipatazo milioni 2. Kila chembe huishi siku kama 120, kisha inatupwa. Ngozi ya ndani ya utumbo ndiyo haina subira kabisa, hubadilishwa kila baada ya siku nne au tano. Sasa hao wapya wanatoka wapi? Mwaka 1961 huko Toronto, Kanada, mabwana wawili, James Till na Ernest McCulloch, walichukua panya waliouawa uboho kwa mionzi, wakawachoma uboho wa panya wazima. Baada ya siku kama kumi wakaona vivimbe vidogo kwenye wengu wa panya wale, na hesabu zao zikaonyesha kwamba kila kivimbe kilitokana na seli moja tu, seli iliyozaa damu ya kila aina. Hiyo ndiyo seli shina: inayoweza kujizaa yenyewe ikabaki vilevile, na inayoweza pia kuzaa watoto wa kwenda kufanya kazi nyingine. Kila mara inapogawanyika ina uamuzi wa kufanya. Nibaki, au niende?

Hapo mwandishi ndani yangu akasimama wima. Mhusika mwenye uamuzi! Nikamuuliza binamu, inaamuaje? Nilitegemea aniambie jeni, maana shuleni tulifundishwa kwamba jeni ndizo serikali. Akasema jeni zipo, ndiyo, lakini siku hizi wanaangalia sana jikoni. Namna seli inavyounguza chakula chake ndiyo sehemu ya uamuzi wenyewe.

Hebu tuingie jikoni basi. Seli ina namna mbili kubwa za kuunguza sukari. Ya kwanza ni ya harakaharaka, haihitaji oksijeni: glukosi inavunjwa nusu, faida yake ni ATP 2, ambayo ndiyo sarafu ya nguvu ndani ya seli, na mabaki mara nyingi hutupwa kama laktiki. Ya pili hufanyika ndani ya mitokondria, na oksijeni, mpaka glukosi yote inakwisha, na faida yake ni ATP kama 30. Ukimwuliza mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo atachagua ya pili. Lakini seli shina za damu, ambazo ndizo akiba ya mwili mzima, hukaa ndani kabisa ya mifupa ambako oksijeni ni haba, na zinapokuwa zimetulia hutegemea zaidi ile njia ya kwanza, ya kimaskini. Mitokondria wanazo, ila wamezipunguza moto.

Mbona zinachagua hasara? Nilikaa na swali hilo siku nyingi, na jibu nililipata kwa Bibi, kabla ya kulisoma popote.

Bibi ni mtu wa Rufiji. Utotoni mwake, anasema, kibiriti kilikuwa mali, hakiwashwi ovyo. Usiku mama yake alichukua kaa moja zuri, au kinga cha moto, akakifukia kwenye majivu. Moto hauzimiki na hauwaki. Ukiupuliza utawaka, mzuri, lakini alfajiri utakuta majivu matupu. Ukiufukia vizuri, asubuhi unafukua, unaweka makumbi, unapuliza mara mbili, nyumba nzima inakunywa uji. "Na jirani naye anakuja kuomba moto," anasema Bibi. Hapo nikaelewa. Moto mkubwa una faida kubwa, lakini una cheche na moshi. Mitokondria zikifanya kazi kwa nguvu zinavuja kemikali kali za oksijeni, nazo zinachoma choma kila kitu, hata DNA. Seli ya kawaida ya damu haijali, itakufa baada ya miezi minne. Seli shina inatakiwa imtumikie mtu miaka 80.

Kuna na sababu nyingine. Binamu yangu aliieleza kwa maneno magumu, mimi naieleza kwa nazi. Ukiitupa nazi nzima motoni utapata moto mzuri na hakuna kingine. Lakini mtu wa pwani haichomi nazi nzima: anatoa tui, machicha anawapa kuku, kifuu kinakuwa kata, makumbi yanakuwa kamba. Seli inayotaka kuzaliana nayo ni hivyo, haiunguzi sukari mpaka mwisho, inabakiza vipande vya kujengea kuta na protini za seli mpya. Otto Warburg, Mjerumani, aliona jambo la namna hii tangu miaka ya 1920 kwenye seli za saratani: zinafakamia sukari na kutoa laktiki hata mahali ambapo oksijeni ipo tele. Yeye alidhani mitambo yao imeharibika. Leo inajulikana kwamba mara nyingi mitambo ni mizima. Ni matumizi tu yamebadilika.

Sasa njoo kwenye kilichonikosesha usingizi. Nilidhani moto ni wa kupikia tu. Kumbe moto huohuo ndio unaoandika.

DNA ndani ya seli imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi wa fundi cherehani kwenye kigurudumu chake. Ukikazwa, jeni zilizo pale hazisomeki. Ukilegezwa, zinasomeka. Na kinacholegeza, mojawapo, ni kibandiko kidogo kiitwacho asetili, na asetili inatoka wapi? Inatoka kwenye chakula kinachounguzwa. Mwaka 2015 wataalamu walichapa habari za seli shina za misuli ya panya. Zikiwa zimelala zinaunguza zaidi mafuta. Msuli ukijeruhiwa zinaamka na kuhamia kwenye sukari, na katika kuhama huko inapungua kemikali moja iitwayo NAD, na kimeng'enya kiitwacho SIRT1, ambacho kazi yake ni kubandua vile vibandiko na ambacho kinaishi kwa NAD hiyo, kinalegea. Vibandiko vinabaki. Uzi unalegea. Jeni za msuli zinafunguka, na seli inaanza kuwa msuli. Yaani, ndugu yangu, kubadilisha mkaa kumebadilisha hatima.

Nilisimama katikati ya chumba nikacheka peke yangu. Jirani akagonga ukuta.

Mwaka huohuo wa 2015 Pekka Katajisto na wenzake walitoa jambo jingine ambalo kama ningelitunga mimi kwenye riwaya mngesema nimezidisha. Walizitia rangi mitokondria za seli zenye tabia za seli shina, zilizotoka kwenye matiti ya binadamu, ili wajue mitokondria kuukuu ni zipi na mpya ni zipi. Kisha wakatazama seli inavyogawanyika. Haigawi sawa! Binti anayekwenda kazini anapewa zaidi zile kuukuu. Anayebaki kuwa shina anabakiziwa mpya. Walipoivuruga seli ili isiweze kuchagua, ushina ukapotea. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi nikiwatazama watu wa familia yangu, lakini hayo niyaache.

Na uzee je? Hapo ndipo kipeperushi changu kilipozama kabisa.

Nilikuwa nimeandika kwamba unga huamsha ujana uliolala. Na riwaya yangu, zile kaunta buku tatu, ilikuwa hivyohivyo: profesa wa Kitanzania anagundua sindano inayoziamsha seli zote zilizolala mwilini mwa wazee, wazee wa Ilala wanatupa mikongojo, serikali inataabika kulipa pensheni. Niliipenda sana hiyo ya pensheni. Lakini mwaka 2017 kundi la Emmanuelle Passegué nchini Marekani lilichunguza seli shina za damu za panya wazee, na likakuta kwamba nyingi hazikuwa zimelala kupita kiasi. Kinyume chake. Zilikuwa zimeshindwa kulala. Zilikuwa zimejaa mitokondria ambazo zilipaswa kusafishwa na hazikusafishwa, moto unawaka mchana na usiku, na moto huo ukageuza namna jeni zinavyosomwa, seli zikawa zinakimbilia kuzaa damu ya aina moja kuliko nyingine na kusahau kujizaa zenyewe. Theluthi moja hivi tu zilikuwa bado zinajifagia, zinameza takataka zao, zimetulia na moto mdogo. Na hizo, zilipopandikizwa, zilifanya kazi kama za ujana. Kwa hiyo kijana ndiye aliyekuwa amelala, na mzee ndiye aliyekesha.

Zaidi ya hapo, kuziamsha zote kumeshajaribiwa kwa panya, kwa kuharibu jeni zinazozishikilia usingizini. Mwanzoni seli zinaongezeka, unaweza kushangilia. Kisha zinachoka, akiba inakwisha. Profesa wangu angewaua wazee wote wa Ilala kwa upole mkubwa.

Sikuzichoma zile kaunta buku, maana mambo ya kuchoma miswada ni ya sinema. Ziko chini ya kitanda.

Nikawa najifariji kwamba si mimi wa kwanza kuandika uongo mzuri juu ya seli. Mwaka 1912 Alexis Carrel, Mfaransa aliyekuwa New York, mwenye Tuzo ya Nobel ya mwaka huohuo kwa kazi yake ya kushona mishipa ya damu, alianza kulea seli za moyo wa kijusi cha kuku ndani ya chupa. Zikaendelea kuzaliana miaka 34, zaidi ya maisha ya kuku yeyote na hata baada ya Carrel mwenyewe kufa mwaka 1944. Magazeti yakaimba: seli hazifi, kinachokufa ni mwili tu. Wengine wakajaribu, seli zao zikafa, wakajilaumu wenyewe kwamba hawajui kulea. Mpaka mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead, huko Philadelphia, walipoonyesha kwamba seli za kawaida za binadamu zinagawanyika kama mara 50, kisha zinakoma. Na za Carrel? Shaka kubwa ni kwamba ule mchuzi wa vijusi vya kuku aliokuwa akizilisha ulikuwa unaingia na seli hai mpya. Chakula chenyewe kilikuwa kinaleta wageni. Karibu miaka hamsini watu walisadiki, kwa sababu aliyesema alikuwa mkubwa na hadithi ilikuwa tamu.

Tofauti ni kwamba hakuna bibi aliyeacha vidonge kwa ajili ya kuku wa Carrel. Faraja ikaishia hapo.

Naandika haya kwenye gazeti la vijana, na najua kuna atakayesema sasa nimepata dawa: nile kidogo, nifunge. Subiri kwanza. Ni kweli kwamba tangu mwaka 1935 Clive McCay wa chuo cha Cornell alionyesha kuwa panya wanaopewa chakula kidogo, chenye virutubisho vyote, wanaishi zaidi. Ni kweli pia kwamba mwaka 2018 Ömer Yilmaz na wenzake, Marekani, waliwafungisha panya saa 24 wakaona seli shina za utumbo zimehamia kwenye kuunguza mafuta na nguvu zao za kujenga upya zimeongezeka, kwa panya vijana na wazee pia. Lakini mwaka 2024 kundi hilohilo likaangalia saa ya kufuturu. Likaona kwamba kasi kubwa ya seli iko pale panya anapokula tena, na kwamba kama kuna jeni ya saratani imeharibika wakati huo, vivimbe navyo vinastawi zaidi. Panya, nasisitiza. Bibi yangu si panya, na daktari wake amemkataza kufunga. Yeye huwalisha maskini badala yake, na hapo sina la kuongeza.

Wapo pia wanaorudisha saa nyuma kabisa. Mwaka 1962 John Gurdon, Mwingereza, alichapa matokeo ya kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi alichokitia ndani ya yai la chura, na kiluwiluwi kipya kikatokea. (Wenzangu wa daraja la nne mnisikie: huyu shuleni alikuwa wa mwisho katika wanafunzi 250 kwenye somo la baiolojia, na ripoti ile aliitunza.) Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto alichukua seli za kawaida za panya, akaziongezea jeni nne tu, zikarudi kuwa kama seli za mimba changa. Wawili hao wakapewa Nobel mwaka 2012. Na unajua nini kinachotangulia seli inaporudi nyuma hivyo? Jiko. Inaacha kwanza kuunguza kwa mitokondria na kuhamia kwenye ile njia ya haraka, ndipo jeni za ujana zinaamka. Yamanaka na wenzake waliona pia kwamba ukipunguza oksijeni hadi asilimia 5, kazi inakwenda vizuri zaidi kuliko kwenye hewa yetu yenye asilimia 21. Ila moja ya jeni zile nne, c-Myc, ni jirani mbaya wa saratani. Hakuna anayeuza hiyo kwenye kopo.

Sasa nifike mahali panaponiuma.

Vidonge alivyoviacha Bibi vinaitwa metfomini. Vinatumika kwa kisukari tangu mwaka 1957, ni vya bei ndogo, havina picha ya mzee anayekimbia ufukweni. Siku moja nilikuwa nasoma makala ya utafiti wa uzee nikakutana na jina hilo, nikadhani nimekosea mstari. Metfomini inafanya kazi, kwa sehemu, kwa kuipunguzia mitokondria moto. Kwa sababu hiyo na nyingine, watafiti wa uzee wanaiangalia kwa jicho la karibu. Mwaka 2024 Wachina walichapa matokeo ya nyani dume waliopewa metfomini kwa miezi 40, na dalili kadhaa za uzee, hata za ubongo, zilikwenda polepole. Marekani Nir Barzilai na wenzake walipanga kuwapa watu wapatao 3,000 wa miaka 65 hadi 79 kwa miaka sita ili ijulikane moja. Kilichowakwamisha miaka na miaka ni fedha, maana dawa kongwe isiyo na mwenyewe haimtajirishi mtu. Haijathibitishwa kwamba inamzuia mtu mzima kuzeeka. Nimejifunza kuandika sentensi kama hiyo. Lakini itazame meza ile ya Mbagala: upande mmoja kopo la shilingi 145,000 lenye maneno yangu, upande wa pili karatasi ya vidonge vya hospitali, na kama kulikuwa na kitu chochote mezani pale ambacho wanasayansi wa uzee wangenyoosha mkono kukichukua, ni kile ambacho maneno yangu yalimfanya akiweke kando.

Ilinichukua miezi mitatu kumwambia. Nilikwenda jioni, mama mdogo hayupo. Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka, ule mguu amenyoosha, anachambua mchele. Nikamweleza yote, kijiweni, dili, 80,000, neno "huponya". Mikono yake haikusimama. Mawe aliweka huku, mchele huku.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema.

"Ni mimi, Bibi."

"Niliyasoma mara mbili maneno yale. Nikamwambia mama yako mdogo, huyu aliyeandika anajua Kiswahili." Akapepeta kidogo. "Yangekuwa mabaya nisingeyaamini."

Afadhali angenipiga. Nikamwomba radhi, akaitikia kwa kichwa tu, na mpaka leo sijui kama ile ilikuwa radhi au ni kwamba alikuwa amechoka. Baadaye, kwa kuwa nilikuwa sina la kusema, nikamsimulia habari za seli shina, za mifupani, za moto mdogo. Alinisikiliza kuliko nilivyotegemea. Nilipofika kwenye seli za wazee zisizolala akaniangalia. "Wamejuaje hao? Mimi saa nane za usiku macho kavu kila siku." Nikasema Bibi, hizo ni seli za panya. Akasema, "Haya, na panya naye ana shida zake." Kisha akanituma nikamletee dawa zake za jioni na maji ya kunywa, akazimeza mbele yangu, kimoja kimoja, huku ananitazama.

Riwaya naianza upya. Profesa nimempunguza, sasa ni mtu wa maabara wa kawaida, na hana sindano. Sijui kama itauzika. Rafiki yangu mmoja aliyeisoma sura ya kwanza amesema inakwenda polepole mno.

Wiki iliyopita nilishuka daladala Mbagala Rangi Tatu, na kwenye ukuta wa kibanda cha vocha nikakiona. Wamekitoa upya, karatasi ya rangi, mzee wa ufukweni wamemwondoa wameweka mama wa Kiafrika, lakini maneno ni yaleyale, hata ile mkato niliyoikosea haikurekebishwa. Huamsha ujana uliolala. Nikaanza kukibandua kwa kucha. Gundi ilikuwa kavu, kinatoka vipande vipande.

"Wee kijana!" mwenye kibanda akapiga kelele. "Unachana tangazo la watu?"

"Ni langu," nikamwambia, nikaendelea kubandua.